Mtaje Shomoro wa Mlangoni Pako

Stendi ya Voi, saa nne asubuhi, basi la Taveta halijajaa. Chini ya meza ya mama anayeuza chai, shomoro wanne wanagombea makombo ya chapati na hakuna anayewatazama. Hata mimi sikuwa nawatazama, mpaka mmoja aliporuka akatua kwenye ukingo wa beseni la vyombo, hatua mbili kutoka kikombe changu, akanigeuzia ubavu. Kichwa kijivu. Kifua kijivu. Koo nalo kijivu, bila doa la weupe. Halafu mdomo: mweusi, mnene, umevimba kwa juu kana kwamba ameuazima kwa kasuku.

Alfajiri ile nilikuwa nimewaacha Mombasa shomoro wa namna nyingine kabisa, madume wenye kidevu cheusi na mashavu meupe, wakipigana juu ya paa la mabati. Siku nne baadaye, Seronera, katikati ya Serengeti, alinijia mwingine tena: kichwa na mgongo karibu rangi moja, kijivu kilichoingiliana na kahawia, huoni kichwa kinakoishia wala mgongo unakoanzia. Safari moja, shomoro watatu. Na ungeniuliza wiki moja kabla, ningekujibu kwamba njiani kote kulikuwa na shomoro tu.

Hilo "tu" ndilo nataka tulifute, mimi na wewe, kuanzia wiki hii.

Shomoro hajawahi kuheshimiwa. Hata katika Injili ya Mathayo anatajwa kwa bei yake ndogo. Watalii wanavuka bahari kumfuata tai na mbuni, waongozaji wanasimamisha gari kwa ajili ya chole, ila shomoro akitua kwenye boneti anafukuzwa kwa mkono. Nasi tuliokulia naye darini, tuliozoea kuokota manyasi ya kiota chake yakidondoka juu ya kitanda, tunamwita jurawa au shomoro kutegemea tumelelewa wapi, basi. Hatuulizi zaidi. Lakini Afrika Mashariki imebahatika kuwa mahali ambapo ndugu kadhaa wa ukoo mmoja wa shomoro wanakutana, na mipaka yao inapita kwenye mashamba yetu, kwenye shule zetu, kwenye hizi stendi. Hakuna mwenye nafasi nzuri ya kuichora mipaka hiyo kuliko mtu anayeishi juu yake.

Tuwaite kwa ukoo wao: shomoro kichwa-kijivu. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliwahesabu kuwa spishi moja, Passer griseus, yenye sura tofauti kila upande wa bara. Leo orodha nyingi zinawatenganisha kuwa watano. Wa kaskazini, anayebaki na jina hilo la griseus, ameenea kutoka Afrika Magharibi hadi Uganda na magharibi ya Kenya. Nususpishi yetu ya huku inaitwa ugandae. Mdomo-kasuku, Passer gongonensis, yuko nyika kavu za mashariki ya Kenya, Somalia, kusini mwa Ethiopia, na anashuka hadi kaskazini-mashariki ya Tanzania. Huyu alipewa jina na Mfaransa Oustalet mwaka 1890, naye Gongoni aliyoiweka katika jina ni hiyohiyo Gongoni ya pwani ya Kenya. Swainsonii ni wa Ethiopia na pembe ya Afrika, mweusimweusi kidogo, na anagusa kaskazini ya Kenya. Diffusus ni wa kusini, Zambia na Msumbiji na kwenda mbele.

Na wa tano, yule wa Seronera, anaitwa Passer suahelicus. Umesoma vizuri. Mwaka 1904 Anton Reichenow, Mjerumani aliyekuwa akipanga ngozi za ndege kwenye jumba la makumbusho la Berlin, alimpa ndege huyu jina la Waswahili. Mimi nililicheka jina hilo nilipolisikia mara ya kwanza, kwa sababu Uswahilini kwenyewe, kwenye vichochoro vya Mombasa au Dar es Salaam, shomoro unayemkuta mlangoni ni yule mgeni wa kidevu cheusi, na shomoro Mswahili amekaa zake bara, Mara na Serengeti, hajui hata taarabu. Lakini jina ni letu sasa. Je, kuna ndege wangapi duniani wanaobeba jina la lugha unayoisoma sasa hivi? Na ni wasemaji wangapi wa lugha hiyo wanaoweza kumtambua akitua mbele yao?

Basi tumtambue. Si kazi ya miujiza. Kwanza hakikisha uko kwenye ukoo sahihi: kichwa-kijivu hana kidevu cheusi, hana michirizi usoni, na dume na jike wanafanana. Ukiona kidevu cheusi na mashavu meupe, huyo ni shomoro-kaya. Jike wake ni kahawia mpauko mwenye mstari hafifu juu ya jicho. Ukiona kidevu cheusi pamoja na jicho la rangi ya maziwa na utepe mwekundu-kahawia unaopita nyuma ya jicho, umempata shomoro mwekundu wa Kenya, wa nyanda za juu, naye ni habari nyingine.

Ukishajua ni kichwa-kijivu, anza na koo. Wa kaskazini ana koo jeupe linaloonekana wazi, kama mtu aliyefunga leso, na tumbo lake nalo linakwenda kwenye weupe. Mdomo-kasuku ni kijivu kuanzia kidevuni mpaka chini. Kisha tazama pale kichwa kinapokutana na mgongo, hapo nakuomba utulie. Kwa wa kaskazini kuna mpaka: kijivu kinakoma, kahawia yenye wekundu inaanza. Kwa Mswahili mpaka huo haupo, au upo kwa kubahatisha. Kisha mdomo. Unene ndio wa kuangalia, na rangi isikubabaishe, kwa sababu mdomo huwa mweusi msimu wa kuzaliana na kupauka baadaye. Mdomo-kasuku, ukishamwona mara moja kwa karibu, hutahitaji kuuliza tena. Ni mkubwa kuliko wenzake mwili mzima, anakaa kama mzee wa baraza. Makinda yaache kwanza. Makinda ya shomoro yamewashinda watu wenye darubini za bei ya pikipiki.

Nakwambia haya kwa sababu yalinipata. Jioni moja Karatu niliona kwenye ua wa miti shomoro mwenye mgongo mwekundu kama tofali. Nikaandika kwa mbwembwe: wa kaskazini, hakuna shaka. Nikalala nikijisikia mvumbuzi. Asubuhi, mawingu yametanda, ndege yuleyule yuko kwenye ua uleule. Nilimjua kwa sababu alikuwa amepungukiwa na unyoya mmoja wa mkia. Mgongo wake ulikuwa kahawia iliyofifia, umefanana na kichwa. Jua la magharibi ndilo lililompaka rangi. Nikafuta maandishi yangu, na tangu siku hiyo ndege wa jioni namwandikia na saa yake, na neno "jua kali la machweo" pembeni.

Utauliza: kwa nini nijisumbue, wakati ramani zipo? Vitabu vipo, tena vizuri. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki kimechakaa kwenye mikoba ya waongozaji watalii wetu. Si uangalie tu uko wapi, kisha uchukue jina lililoandikwa pale?

Hapo ndipo tunapokosea wengi, na kosa lenyewe ni tamu kwa sababu linafanana na elimu. Mtu yuko Dodoma, anaona kichwa-kijivu, hatazami koo wala mgongo. Anafungua ramani, ramani inasema Mswahili, anaandika Mswahili. Mwenzake wa Kisumu anaandika wa kaskazini kwa njia hiyohiyo. Mwaka ukiisha rekodi zote zinakusanywa, na angalia maajabu: zinakubaliana na ramani kikamilifu! Ramani imejishuhudia yenyewe. Kama mdomo-kasuku amesogea kilomita hamsini kufuata ukame na miji, kama Mswahili na mdomo-kasuku wameoana kwenye kijiji fulani cha mpakani na kuzaa machotara wenye mdomo wa kati, hakuna atakayejua, kwa sababu kila mtu aliiuliza karatasi na ndege akaachwa bila kuulizwa. Ramani ikwambie utegemee nini. Jina likatoke kwenye koo, mgongo na mdomo.

Tena shomoro wanatembea. Mfano uko miguuni petu. Shomoro-kaya si mwenyeji hapa; ni mtoto wa Asia na Ulaya. Hawa wetu, wenye mashavu meupe, ni wa nususpishi ya indicus, ya kutoka upande wa Bara Hindi na Uarabuni, nao waliingia Kenya kwa bandari ya Mombasa. Kwa miaka mingi walikaa pwani. Kisha wakaanza kupanda, mji kwa mji, pamoja na barabara kuu na ghala za nafaka, mpaka Nairobi na zaidi. Watafiti wawili kutoka Marekani, Andrea Liebl na Lynn Martin, waliwafuatilia katika miji ya Kenya, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona: shomoro wa miji ya mbali na Mombasa, wale walio mstari wa mbele wa safari, walikuwa wadadisi zaidi mbele ya kitu kigeni, na miili yao ilitoa homoni nyingi zaidi ya msukosuko wakikamatwa. Yaani ndege mmoja, nchi moja, na tayari wa mbele wana tabia tofauti na wa nyuma. Sasa jiulize ni nani aliyeandika siku ya kwanza shomoro-kaya alipotua kwenye mji wako. Baba yako alimwona. Labda hata wewe. Hamkuandika.

Wahenga walishalisema kwa ajili ya biashara, nami naliazima: mali bila daftari hupotea bila habari. London wanalijua jambo hili kwa uchungu. Katika bustani ya Kensington Gardens, mwaka 1925, kijana aitwaye Max Nicholson alizunguka akihesabu shomoro-kaya, ndege ambaye hakuna Mwingereza aliyedhani anaweza kwisha. Akapata 2,603. Mwaka 2000, bustani ileile, walihesabiwa 8. Wanane! Na kama si yule kijana na hesabu yake iliyoonekana ya kipuuzi, leo wangekuwa na hadithi za wazee tu, kwamba "zamani walikuwa wengi", na hadithi ya wazee haimshawishi waziri yeyote.

Usiniambie kwamba wewe si mtaalamu. Denis Summers-Smith, mtu aliyewajua shomoro wa dunia kuliko wote katika karne ya 20, alikuwa mhandisi. Mchana alilipwa kushughulika na mashine, misuguano na vilainishi. Shomoro walikuwa wa saa zake mwenyewe. Kitabu chake cha shomoro-kaya kilitoka mwaka 1963, na mwaka 1988 akatoa kingine cha jamii nzima ya Passer, wakiwemo hawa wetu. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 99. Mwalimu wa shule ya msingi Same, dereva wa lori la Malaba, askari wa usiku anayemaliza zamu ndege wanapoanza kuimba: nyote mna saa zenu. Dereva wa lori hasa namwonea wivu. Anapita Mombasa, Voi, Nairobi, Eldoret, Kampala. Anasimama kunywa chai mahali ambapo mtafiti angeomba fedha mwaka mzima ili afike.

Kutoa taarifa ni rahisi kuliko unavyofikiri. Ukiwa na simu, kuna eBird, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na inayopokea orodha kutoka popote duniani. Kenya kuna Kenya Bird Map, tangu 2013, iliyoigawa nchi katika miraba midogo, kila mmoja karibu kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba wako, unatembea walau saa mbili ukiandika kila ndege kwa mpangilio uliomwona, kisha unaweza kuendelea kuongeza hadi siku ya tano. Tanzania nayo ina atlasi yake ya ndege inayokusanya rekodi kwa miongo kadhaa. Ukiwa Nairobi na unaona haya kuanza peke yako, kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yaliyojengwa tangu miaka ya 1970 na Fleur Ng'weno. Utakuta huko wazee, wanafunzi, na watu waliodanganya kidogo kazini.

Lakini kabla ya simu, daftari. Andika tarehe, saa, mahali kwa jina ambalo mtu mwingine ataweza kulipata ("karibu na kwa Hamisi" haitoshi), idadi, na hali ya mwanga. Kisha andika ulichokiona kabla hujaandika jina: koo, mgongo, mdomo, tumbo. Mpangilio huo una sababu. Majina yanabadilika. Hawa watano walikuwa mmoja, na mikutano ya wataalamu inaweza kuwapanga upya kesho. eBird yenyewe hurekebisha orodha yake ya majina kila mwaka. Jina ulilopewa na kitabu linaweza kufutwa. "Koo kijivu, mdomo mnene, mgongo kahawia, Voi" halifutwi na kamati yoyote. Picha ikipatikana, hata mbaya, piga ya ubavu. Picha ya shomoro anayekutazama usoni haina faida kwa mtu.

Na kama hujui, andika hujui. Hapa nataka nikushike bega. Katika nchi zetu kusema "sijui" mbele za watu ni kama kuvuliwa shati. Tumefundishwa hivyo tangu darasani. Kwa shomoro ni kinyume. Rekodi inayosema "kichwa-kijivu, aina sikuithibitisha, koo lilikuwa na weupe kidogo, mdomo wa kati" inaweza kuwa na thamani kuliko majina kumi yaliyoandikwa kwa kujiamini, hasa ukiwa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambako aina zaidi ya moja zinasogeleana. Huyo wa kati ndiye anayetafutwa! Na mhakiki wa rekodi hizo akikuandikia kuomba maelezo, usinune. Hajakuita mwongo. Anataka kumwona ndege kwa macho yako.

Jambo moja la usalama, maana najua nchi zetu: darubini karibu na kambi ya jeshi, bandari au uwanja wa ndege itakuletea maswali ambayo shomoro hatakusaidia kuyajibu. Huko tumia macho, au nenda zako. Na mahali pengine popote, jitambulishe kwanza kwa wenyeji. Ukishasema unatafuta shomoro watakucheka, na kicheko hicho ni kibali kizuri kuliko barua.

Yule mama wa chai wa Voi alinicheka pia, siku ile ya kwanza. Nilimwonyesha mdomo, nikamweleza habari ya koo, akasema hajawahi kuona mtu mzima anayesoma koo la shomoro. Miezi miwili baadaye nikapita tena. Kabla sijaagiza chochote alinyoosha mkono chini ya meza akatoa daftari lake la madeni, lile la majalada ya bluu, lenye mafuta ya chapati pembeni. Katikati ya dereva anayedaiwa chai tatu na utingo anayedaiwa maandazi, kulikuwa na mstari kwa kalamu nyekundu: Jumanne, asubuhi, sita wa domo. Mmoja koo jeupe kidogo. Sijui.

"Yuko wapi huyo mmoja?" nikamuuliza.

"Huja chapati zikianza kuiva," akasema. "Keti kwanza, baba."

Basi la Taveta likapiga honi. Nikaliacha liende.